Damu Mbili Zilizoigeuza Uholanzi

Katika nchi za Ulaya, Uholanzi ilikuwa ikitajwa sana kwa uvumilivu. Mkataba wa Utrecht wa mwaka 1579 uliweka kuwa mtu asiandamwe kwa ajili ya dini yake, na tangu 1917 katiba yao huitaka serikali izigharimie shule za dini sawa na zile za umma. Waislamu, ambao wengi walifika huko kama vibarua kutoka Morocco na Uturuki, waliingia kwa mlango huo huo, wakafungua shule zao kuanzia 1988, na gharama zikalipwa na hazina ya nchi isiyokuwa ya Kiislamu. Neema hiyo si ndogo. Madrasa zetu nyingi huku pwani huendeshwa kwa ada ya wazazi na sadaka.

Ni lipi basi lililoigeuza nchi hiyo? Wengi hujibu: mauaji. Sisi tunaona hilo ni nusu ya jibu, kwani manung'uniko yalitangulia damu. Rotterdam palikuwa na mitaa ambayo wenyeji walilalamikia uhalifu na wingi wa wageni, na vyama vikubwa vikaona haya kuyazungumza. Pim Fortuyn, aliyepata kuwa profesa, aliyasema hadharani, na akauita Uislamu utamaduni ulio nyuma. Machi 2002 chama alichokiongoza kikapata viti 17 kati ya 45 vya baraza la Rotterdam.

Tarehe 6 Mei 2002, siku tisa kabla ya uchaguzi mkuu, alipigwa risasi mjini Hilversum. Muuaji hakuwa Mwislamu. Alikuwa Mholanzi mtetezi wa wanyama, Volkert van der Graaf, aliyeiambia mahakama kuwa alimwona Fortuyn ni hatari kwa wanyonge, Waislamu wakiwa miongoni mwao. Je, aliwanusuru? Chama cha marehemu, kilichokuwa na umri wa miezi mitatu tu, kiliingia bungeni na viti 26 kati ya 150, na Chama cha Wafanyakazi kikaanguka kutoka 45 hadi 23. Chama hicho chenyewe kilisambaratika upesi, lakini maneno yake yalichukuliwa na wengine.

Kisha ikaja damu ya pili, na hii inatuhusu moja kwa moja. Tarehe 2 Novemba 2004, Mohammed Bouyeri, kijana wa miaka 26 aliyezaliwa Amsterdam kwa wazazi wa Morocco, alimuua barabarani mtengeneza filamu Theo van Gogh. Van Gogh alikuwa akiwatukana Waislamu kwa maneno machafu, na filamu yake ya mwaka huo ilionyesha aya za Qur'ani zimeandikwa juu ya miili ya wanawake. Mahakamani Bouyeri alisema alitenda kwa ajili ya imani yake. Akahukumiwa kifungo cha maisha.

Ni nini hukumu ya kitendo chake? Huenda mtu akasema: fuqahaa wana milango mikali juu ya mwenye kumtukana Mtume (s.a.w.). Ni kweli, lakini milango hiyo inamsemesha kadhi mwenye mamlaka, baada ya madai na ushahidi. Haimsemeshi kijana mwenye bastola njiani. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, hudud husimamishwa na imamu, yaani mtawala, au naibu wake. Na lipo jambo zito zaidi, nalo ni ahadi. Imamu Shafi'i ameeleza katika al-Umm kwamba Waislamu wakiingia hata katika nchi ya maadui kwa aman, basi wenyeji nao wamesalimika na shari yao. Sembuse aliyezaliwa humo, akasomeshwa humo, na kubeba pasi ya nchi hiyo?

Historia yetu ina mfano wake. Mwaka 40 Hijria Makhawariji walipanga kuwaua Ali, Muawiya na Amr bin al-Aas. Ibn Muljam alimpiga Sayyidna Ali (r.a.) mjini Kufa katika mwezi wa Ramadhani, akidhani anaabudu. Muawiya akanusurika, na mwaka uliofuata utawala wote ukawa wake. Makhawariji wakabaki chini ya mmoja wa wale waliotaka kuwaondoa.

Kule Uholanzi waliolipa hawakuwa na kosa. Wiki iliyofuata bomu lililipuka katika shule ya Kiislamu ya Eindhoven, na shule nyingine ya watoto, huko Uden, ikateketezwa kwa moto. Makanisa nayo yalishambuliwa. Kuanzia 2006 aliyetaka kuhamia kwa mume au mkewe alitakiwa kwanza afanye mtihani wa lugha akiwa kwao, na Agosti 2019 ikaanza kutumika sheria ya kukataza kufunika uso shuleni, hospitalini na katika vyombo vya usafiri. Geert Wilders, anayeishi chini ya ulinzi wa polisi tangu 2004, alishika nafasi ya kwanza mwaka 2023 kwa viti 37. Chama chake kiliitoka serikali Juni 2025, na katika uchaguzi wa Oktoba kikapoteza viti vingi.

Hata hivyo hatusemi kwamba mlango umefungwa. Katika Rotterdam ile ile ya Fortuyn, kuanzia 2009 hadi 2024 meya alikuwa Ahmed Aboutaleb, mzaliwa wa Morocco na mtoto wa imamu.