Je, Wajua? Siri za Nyaya za Paneli za Sola

Kwa kawaida paneli ya sola hutoka kiwandani na nyaya mbili tu: chanya na hasi. Ukiwa na paneli moja, huna la kuwaza. Zikifika mbili, tatu au nne, mambo huchangamka! Namna nyaya hizo zinavyokutanishwa ndiyo huamua umeme utashuka kutoka paani ukiwa na sura gani.

Paneli moja ni kundi zima

Seli moja ya silikoni hutoa takriban nusu volti, iwe ndogo au kubwa. Ukubwa huongeza ampea, si volti. Ndiyo maana paneli ya kuchaji betri ya volti 12 kwa kawaida huwa na seli 36, chanya ya hii ikishika hasi ya ile kama betri za tochi, hadi zifikishe volti 18 hivi. Fundi aliye juu ya bati anaendeleza kazi iliyoanzia kiwandani.

Paneli zilezile, umeme wa sura mbili

Chukua paneli nne za wati 100, kila moja volti 18 na ampea 5.5. Ziunge kwa mfuatano, chanya kwa hasi, upate volti 72 na ampea zilezile 5.5. Ziunge sambamba, chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, upate volti 18 na ampea 22. Zidisha volti kwa ampea: pande zote mbili ni karibu wati 400! Jua halikuongeza kitu. Ni nyaya tu zilizobadilishwa.

Ampea mara nne, hasara mara 16

Joto linalopotea ndani ya waya hukua kwa kipeo cha pili cha ampea. Waya uleule ukipitisha ampea 22 badala ya 5.5 hupoteza umeme mara 16 zaidi. Kwa hiyo betri ikiwa mbali na paa, mfuatano hukuokoa gharama ya waya mnene. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayofanya umeme wa upepo wa Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, usafirishwe hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, kwa volti 400,000.

Kivuli cha tawi moja huudhoofisha mstari mzima

Katika mfuatano, ampea ni zilezile tangu paneli ya kwanza hadi ya mwisho, kwa hiyo aliye dhaifu ndiye anayeongoza. Watengenezaji walilijua hilo: paneli ya seli 60 kwa kawaida huwa na dayodi tatu mgongoni, kila moja ikilinda theluthi yake na kuupa umeme njia ya kukwepa sehemu yenye kivuli. Zikiungwa sambamba, paneli zilizo juani huendelea na kazi yake. Nyumba yenye mwembe pembeni ifikirie hilo mapema.

Paneli ngeni huwaburuza wenzake

Ukiunga paneli ya ampea 3 katika mfuatano wa paneli tatu za ampea 5.5, mstari wote unaweza kushuka hadi karibu ampea 3, ingawa paneli tatu kati ya nne ni nzuri! Anayenunua paneli kidogokidogo na akumbuke: za mfuatano zilingane ampea, za sambamba zilingane volti.

Paneli hupenda jua, huchukia joto

Wati zilizoandikwa kwenye paneli hupimwa seli zikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi. Juani Mombasa, seli zaweza kupita nyuzi 60. Paneli nyingi za silikoni hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi, kwa hiyo ile ya wati 100 hubaki na 86 hivi. Acha nafasi kati ya paneli na bati, upepo upite.

Asubuhi ya baridi, volti hupanda

Kinyume chake pia ni kweli. Paneli nne za mfuatano, kila moja ikiwa na volti 22 kabla ya kuanza kazi, hufikisha volti 88. Alfajiri ya nyuzi 5 kule Makete, zaweza kugonga 93. Kontrola, yaani kifaa kinachosimamia uchaji wa betri, isipostahimili volti hizo huungua asubuhi yenye jua zuri kabisa, na ndiyo sababu fundi makini huacha nafasi ya kutosha chini ya kikomo chake.

Kontrola moja hupata wati 72, nyingine karibu 400

Kontrola ya PWM huzishusha volti za paneli zilingane na betri, na zilizozidi hupotea. Paneli zetu nne za mfuatano, hata kama ingezistahimili, zingetoa volti 13 mara ampea 5.5: wati 72 tu! Kontrola ya MPPT hugeuza volti za ziada kuwa ampea, ikaipa betri karibu ampea 30 kutoka jua lilelile.

Paneli haina swichi

Palipo na mwanga, pana volti. Umeme wa gridi yetu hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na hapo cheche hupata nafasi ya kufa. Umeme wa DC, yaani wa mkondo mnyoofu, kutoka paneli haupumziki, hivyo cheche yake huweza kurefuka na kuwasha moto. Zima kwanza swichi ya DC, ndipo uchomoe kiunganishi.

Ramani ya Afrika iliyochorwa kwa paneli

Huko Rwamagana, Rwanda, kituo cha megawati 8.5 kilichokamilika mwaka 2014 kina paneli 28,360 zilizopangwa kwa umbo la bara la Afrika. Hata vituo vikubwa namna hiyo hufuata kanuni ya nyumbani: paneli huungwa kwa mfuatano, kisha mistari huungwa sambamba.

Basi kabla fundi hajapanda ngazi, geuza paneli usome kibandiko cha nyuma: volti, ampea na wati. Kisha mwulize, "Utaunga kwa mfuatano au sambamba, na kwa nini?" Fundi anayeijua kazi yake atafurahi kukueleza.