Bolti ya ekzosi ikigoma, usiilazimishe

Wauzaji wenzangu mnaopeleka mizigo kwa pikipiki zenu, hii inatuhusu. Mwaka jana nililazimisha bolti ya ekzosi iliyoshika kutu, ikakatikia ndani. Siku mbili sikupeleka oda, wateja watatu nikawarudishia hela.

Sasa nafanya hivi:

Injini ikishapoa, nasugua kutu kwa brashi ya waya, napulizia mafuta ya kulegeza nati, naacha usiku kucha. Asubuhi nagonga kichwa cha bolti taratibu kwa nyundo. Nafungua kwa boksi spana ya pembe sita, hiyo haili kona za bolti. Ikisogea kidogo, nairudisha, nalegeza tena. Ikigoma, napulizia upya nasubiri.

Wakati wa kufunga, napaka grisi inayovumilia joto kali.

Haraka ya dakika kumi isije ikakulia mtaji.