Vumbi la Ujana, Kesi ya Uzeeni: Fidia kwa Wagonjwa wa Asbesto

Mgonjwa wa asbesto anapofika kwa wakili, mara nyingi huja na bahasha ya hospitali: picha za eksrei, majibu ya maabara, risiti za dawa. Vyote hivyo vina kazi yake. Lakini swali litakaloamua madai yake halijibiwi na bahasha hiyo. Wakili atamuuliza: mwaka 1979 ulikuwa wapi, ulikuwa unafanya kazi gani, na nani alikuwa anakulipa? Hapo wengi hukwama. Kiwanda kilishafungwa, msimamizi alishafariki, na vitabu vya mishahara hakuna anayejua vilipopelekwa.

Fundi aliyekatwa kidole na mashine hana shida hiyo. Siku ya ajali inajulikana, mashine ipo, wenzake walishuhudia. Kwa asbesto mambo ni tofauti. Nyuzi zake ni nyembamba mno kuonekana kwa macho, huvutwa pamoja na pumzi, na mwili hauwezi kuziyeyusha. Ugonjwa hujitokeza baada ya miaka 20, 30, hata 40 na zaidi. Wapo wanaopata asbestosisi, yaani makovu ya mapafu yanayomfanya mtu ahemewe kwa kupanda ngazi chache tu. Wapo wanaopata saratani ya mapafu, na kwa mvutaji wa sigara hatari hiyo huongezeka sana. Na wapo wanaopata mesothelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu au viungo vya tumbo. Kisababishi chake kikuu kinachojulikana ni asbesto, na wengi wanaougua hawamalizi miaka miwili tangu ugonjwa ugunduliwe. Kwa hiyo mtu anaanza kusaka ushahidi wa ujana wake wakati nguvu zimemwishia na siku zinahesabika. Kwa maoni yangu, hapo ndipo madai haya hushindwa au hushinda, na ndiyo sababu naandika kwa ajili ya watu ambao bado hawajaugua.

Mengi tunayoyajua kuhusu mesothelioma yalijulikana barani Afrika. Mwaka 1960 madaktari watatu, Wagner, Sleggs na Marchand, walichapisha taarifa ya wagonjwa 33 wa saratani hiyo, karibu wote wakiwa na uhusiano na migodi ya asbesto ya bluu ya Rasi ya Kaskazini, Afrika Kusini. Jambo lililowashtua ni kwamba baadhi yao hawakuwahi kuajiriwa mgodini hata siku moja. Walizaliwa jirani, au walicheza utotoni kwenye vifusi vya mgodi. Katika migodi ya nchi hiyo wanawake waliponda mawe kwa nyundo ili kutenganisha nyuzi, watoto wao wakiwa pembeni, na watoto wengine waliingizwa ndani ya magunia makubwa ili wazikanyage nyuzi zishindiliwe.

Mwaka 1960 una uzito mahakamani. Mdai wa uzembe anatakiwa kuonyesha kwamba mwajiri alijua, au alipaswa kujua, kuwa kazi ile ingeweza kumdhuru mtu. Uingereza ilikuwa na kanuni za kudhibiti vumbi la asbesto viwandani tangu mwaka 1931. Baada ya taarifa ya mwaka 1960, mwajiri mkubwa wa sekta hii anayesema hakujua ana kazi ngumu ya kuaminika, hata kuhusu watu waliokaa nje ya uzio wa mgodi.

Wachimbaji wa Afrika Kusini walijaribu kushtaki kwa hoja hiyo ya uzembe katika kesi inayoitwa Lubbe dhidi ya Cape. Cape ilikuwa kampuni ya Uingereza iliyosajiliwa mwaka 1893. Kampuni zake tanzu zilichimba asbesto ya bluu Koegas, karibu na mji wa Prieska, na asbesto ya kahawia Penge, upande wa kaskazini mwa nchi. Mwaka 1979 Cape iliuza migodi hiyo. Wagonjwa walipofungua madai London mwaka 1997, hapakuwa tena na mali ya Cape ya kukamata Afrika Kusini. Kampuni haikuanza kwa kubishana kuhusu mapafu ya watu. Ilisema tu: nendeni mkashtaki kwenu, madhara yalitokea huko. Ubishi huo peke yake ulichukua zaidi ya miaka mitatu.

Tarehe 20 Julai 2000 majaji wa Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, walikataa hoja ya kampuni. Walikubali kwamba Afrika Kusini ilikuwa mahali panapofaa zaidi kwa kesi yenyewe. Lakini wadai, waliokuwa wamezidi 3,000 kufikia hapo, wasingepata huko fedha za kuendesha kesi kubwa kiasi hicho, wala mawakili na wataalamu wa kuibeba. Kuwarudisha kungekuwa kuwanyima haki. Ukisoma jina kamili la kesi utaona kitu kinachosema mengi: mdai wa kwanza ametajwa kama msimamizi wa mirathi ya Bi Lubbe. Mwenye madai alikuwa ameshafariki kwa mesothelioma.

Wanasheria huisifu sana hukumu hii, na inastahili. Lakini mgonjwa hali hukumu. Desemba 2001 Cape ilikubali kulipa pauni milioni 21, kisha ikashindwa kutimiza ahadi. Mwaka 2003 wadai, ambao sasa walikuwa kama 7,500, walikubali pauni milioni 7.5, pamoja na mchango wa kampuni nyingine ya madini, Gencor. Ukigawa fedha za Cape sawa kwa sawa unapata kama pauni 1,000 kwa mtu. Mamia walikufa wakisubiri. Kuwa na haki ni jambo moja, na kumpata mdaiwa mwenye fedha akiwa bado anazo ni jambo jingine. Mtu anayefikiria kushtaki lazima aliulize swali hilo la pili mapema sana.

Kitu kilichosaidia zaidi baadaye ni amana za fidia. Mwaka 2003, kutokana na makubaliano na Gencor, ilianzishwa Asbestos Relief Trust, na mwaka 2006 ikafuata Kgalagadi Relief Trust. Anayedai huko hahitaji kuthibitisha uzembe wa mtu. Anaonyesha kwamba alifanya kazi katika mgodi uliotajwa ndani ya miaka iliyotajwa, au kwa masharti fulani kwamba aliishi jirani nao, kisha anapimwa na madaktari. Marekani ilishapita njia hiyo: Johns-Manville iliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika mwaka 1982 kwa wingi wa kesi za asbesto, na kutokana na hatua hiyo ukaundwa mfuko wa kuwalipa wagonjwa. Malipo ya amana huwa madogo kuliko ya hukumu, lakini humkuta mtu angali hai. Mimi nayaona kuwa bora kwa wagonjwa walio wengi.

Kesi mbili nyingine za Uingereza zinafaa kujulikana, kwa sababu mawakili wa Afrika Mashariki huzitumia hukumu za huko kushawishi mahakama zetu, hata kama hazizifungi. Ya kwanza ni ya Fairchild, mwaka 2002. Mgonjwa wa mesothelioma alikuwa amefanya kazi kwa waajiri kadhaa, na hakuna sayansi inayoweza kusema nyuzi zilizoanzisha saratani zilitoka kwa nani. Kila mwajiri akawa anamnyooshea mwenzake kidole. Majaji waliona kuwa kwa mtindo huo wote wangeponyoka, wakaamua kwamba inatosha kuthibitisha kuwa mwajiri kwa uzembe wake aliongeza kwa kiasi cha maana hatari ya kupata ugonjwa ule.

Ya pili ni ya Chandler, mwaka 2012, na kwangu hii ndiyo inayogusa zaidi maisha ya mfanyakazi wa kawaida. Bwana Chandler alipakia matofali kwa muda mfupi kati ya mwaka 1959 na 1962 katika eneo la kampuni tanzu ya Cape huko Uxbridge. Hakutengeneza asbesto. Ilitengenezwa kwenye jengo la jirani lisilo na kuta za pembeni, na vumbi likawa linatoka nje. Aligunduliwa kuwa na asbestosisi mwaka 2007. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa imeshafutwa, na haikuwa na bima ya kugharamia ugonjwa huo. Mahakama ya Rufaa ilisema Cape yenyewe, kampuni mama, inawajibika, kwa kuwa iliijua vizuri hatari ya asbesto na ilisimamia mambo ya afya na usalama katika kundi lake. Kwa hiyo ukiambiwa mwajiri wako hayupo tena, uliza alimilikiwa na nani, na nani alitoa maagizo ya usalama.

Kisha kuna ukomo wa muda. Mwaka 1963 mafundi wa chuma wa Sheffield walioharibiwa mapafu na vumbi la silika walishindwa katika kesi ya Cartledge, kwa sababu madhara yalianza mwilini zamani, kabla wao wenyewe hawajajua, na muda wa kushtaki ulikuwa umekwisha. Majaji wenyewe walisikitika, na Bunge likabadilisha sheria mwaka huohuo. Kenya ina kifungu chenye roho hiyohiyo: muda wa kawaida wa kudai madhara ya mwili ni miaka 3, lakini kifungu cha 27 cha sheria ya ukomo wa muda kinaruhusu kuomba nyongeza pale mtu asipojua mambo muhimu ya madai yake. Siku daktari alipokuambia jina la ugonjwa na chanzo chake iandike. Huenda hesabu ikaanzia hapo.

Kwa mfanyakazi wa Kenya, hata hivyo, mlango wa kwanza si mahakama. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, inayojulikana zaidi kama WIBA, inahesabu pia magonjwa yatokanayo na kazi. Madai yanapelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na Mahakama ya Juu ilithibitisha utaratibu huo Desemba 2019. Aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi hukadiriwa mishahara ya miezi 96, na anayelipa ni mwajiri au bima yake. Tanzania imechukua njia tofauti: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015, hukusanya michango kwa waajiri na kulipa wenyewe. Kwa ugonjwa unaochelewa miaka 30 naona mfumo wa mfuko una faida kubwa, kwani mwajiri anaweza kufilisika lakini mfuko ukabaki. Lakini mifumo yote miwili inamlinda mwajiriwa tu. Mke aliyekuwa akikung'uta na kufua ovaroli za mumewe hana fomu ya kujaza huko, na kwake njia iliyobaki ni madai ya uzembe mahakamani.

Niseme kidogo kuhusu paa. Shule nyingi, nyumba za reli na za watumishi wa serikali ziliezekwa kwa karatasi za saruji na asbesto. Kulala chini ya paa zima hakumpi mtu madai, kwa sababu sheria hulipa madhara na si hofu. Aliyezikata kwa msumeno, aliyezitoboa, aliyezivunja bila kinga, huyo ndiye mwenye historia ya kuandikwa.

Na historia hiyo iandikwe kwa undani. "Nilifanya kazi bandarini" haisaidii sana. "Nilishusha magunia ya asbesto kwa mikono, baadhi yakiwa yamepasuka, tukifagia ghala jioni bila barakoa" inasaidia. Fundi wa boila aseme kama alibandua kinga ya joto kwenye mabomba au alipita tu. Fundi wa breki aseme kama alipuliza vumbi kwa kompresa. Taarifa ya michango ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ni hazina kwa sababu haikai kwa mwajiri: Kenya mfuko huo ulianza mwaka 1965, na wa Tanzania umetokana na mfuko wa akiba wa NPF wa mwaka 1964, kwa hiyo huonyesha nani alikuchangia na lini, hata kama kiwanda kimegeuka kanisa au ghala la mchele. Kadi ya chama cha wafanyakazi, cheti cha utumishi wa muda mrefu, picha ya wenzako mkiwa na sare, vyote vitafutwe. Wenzako walio hai waombwe kuapa viapo sasa, wangali wanakumbuka majina ya wasimamizi.

Kwa daktari, usiondoke kabla historia ya kazi haijaandikwa kwenye faili. Kikohozi cha muda mrefu na kovu kwenye eksrei huweza kudhaniwa kifua kikuu, na mtu akameza dozi nzima bila nafuu. Sentensi moja ya daktari, "alikata mabati ya asbesto miaka minane", itakuja kusomwa na wakili, na mtaalamu wa mapafu, na hakimu.

Iwapo mgonjwa atafariki kabla ya madai kwisha, familia iendelee, na jambo la kwanza ni kumteua msimamizi wa mirathi. Kuna pia uamuzi mgumu unaotakiwa kufanywa ndani ya saa chache, kabla ya mazishi. Afrika Kusini, sheria inawaruhusu ndugu wa mchimba madini kukubali mapafu na moyo wake vitolewe, viwekwe kwenye formalini na kupelekwa Johannesburg kuchunguzwa, hata kama alikufa kwa jambo jingine. Ugonjwa wa kazi ukikutwa, familia inaweza kulipwa. Kwetu hakuna utaratibu kama huo, lakini uchunguzi wa mwili unaweza kuombwa hospitalini, na ripoti yake huweza kuwa ushahidi pekee wa uhakika. Najua linavyouma, na najua wazee wengi hawapendi kusikia mwili ukiguswa. Ndiyo maana ni vizuri mgonjwa mwenyewe aulizwe angali ana sauti, mbele ya watoto wake, na jibu lake, liwe ndiyo au hapana, liandikwe.