Mwandishi wa Kibarua Aingia Ofisini

Wafanyakazi wenzetu wa viwandani na mashambani mnajua vema maana ya kulipwa kwa kipimo. Mchuma chai wa Teza au Rwegura hulipwa kwa kilo za majani mabichi, na mizani ndiyo inayosema. Sisi tunaoandika kwa kujitegemea hapa Kinama, kaskazini ya Bujumbura, mizani yetu ni ukurasa. Makala ikichapwa tunalipwa. Isipochapwa, wino na usingizi tuliopoteza ni hasara yetu. Barua ya maombi ya jirani, ripoti ya ushirika, tafsiri ya tangazo kutoka Kifaransa, yote hulipwa hivyo hivyo.

Si wote tulioanza hivyo. Tarehe 13 na 14 Mei 2015, siku za jaribio la kupindua serikali, redio za binafsi za mji huu zilishambuliwa, nyingine zikachomwa moto. Isanganiro na Rema FM zilirudi hewani mwaka 2016, na Bonesha FM ikaruhusiwa tena mwaka 2021. Lakini mtangazaji au mwandishi aliyebaki nyumbani bila mshahara hakuweza kungoja miaka yote hiyo. Alichukua kalamu akauza alichoweza kuuza.

Basi mwaka huu wawili kati yetu tulipata kazi ya miezi mitatu katika ofisi moja mjini, kupanga majalada na kuandika ripoti. Majirani walitupongeza kana kwamba tumeoa. Kazi ya ofisi! Kiti, meza, kivuli.

Jambo la kwanza kutushinda lilikuwa asubuhi. Mwandishi wa nyumbani hufanya kazi umeme unaporudi, hata kama ni saa sita za usiku, kisha hulala mpaka jua lipande. Sasa ilitubidi tuwe mezani saa moja na nusu. Machi 2022 pikipiki na baiskeli za abiria zilikatazwa kuingia katikati ya mji, na petroli ikiadimika mabasi huwa machache, mistari ya watu ikazunguka kituo. Mara nyingi tulitembea kwa miguu kutoka Kinama, tukafika viatu vina vumbi na shati limelowa, halafu tukasaini daftari la mahudhurio mbele ya mtu aliyeletwa na gari.

La pili lilikuwa gumu zaidi, nalo wengi hawatalisadiki: kukaa. Mtu aliyezoea kulipwa kwa ukurasa, akimaliza ukurasa huona haya kubaki kitini. Wiki ya kwanza tulimaliza kazi ya siku nne kwa siku mbili, tukaenda kuomba nyingine. Karani mmoja mzee akatuita kando. "Wanangu," akasema, "mkiimaliza yote leo, kesho wataona wawili wamezidi." Tulimdhania mvivu. Baadaye tukakumbuka yale tuliyoyasikia kwa watu wa viwandani: fundi akikimbiza mashine mno, kipimo cha siku hupandishwa na malipo hubaki pale pale. Mzee hakuwa mvivu. Alikuwa akilinda viti viwili, na viti hivyo vilikuwa vyetu.

Tulizoea pia kuandika bila jina. Ripoti huondoka na sahihi ya mkuu, na sentensi uliyoihangaikia nusu ya siku hufutwa kwa mstari mmoja wa kalamu. Hilo liliuma kidogo tu. Jina halinunui maharage.

Lakini katikati ya mwezi wa pili mmoja wetu alishikwa na malaria, akalala siku tatu. Mwisho wa mwezi alifungua bahasha akahesabu mara mbili: siku zile tatu zilikuwa zimelipwa. Kwa miaka mingi ugonjwa kwetu ulikuwa gharama mara mbili, dawa na kurasa zisizoandikwa. Siku hiyo tulielewa kwa nini ninyi mnayapigania mambo haya katika mikutano, nasi tulikuwa tukiyaandika tu kama habari za watu wengine.

Hasara nayo ipo. Mhariri aliyekuwa akitununulia makala amepata mwingine. Jirani wa barua amekwenda kwa kijana wa mtaa wa pili. Anayeacha mstari wake shambani kwa miezi mitatu asitegemee kuukuta wazi.

Sasa tufike kwenye mapatano yenyewe. Yameandikwa kwa Kifaransa, na kabla ya kusaini tuliyasoma usiku kwa sauti, neno kwa neno. Hatukuitwa wafanyakazi bali "watoa huduma". Kwa jina hilo ofisi hailipi mchango wetu katika INSS, mfuko wa hifadhi ya jamii ulioundwa mwaka 1962. Tulisaini kwa kuwa nyumbani palikuwa pakavu. Hata hivyo tuna saa ya kufika, tuna mkuu wa kutuagiza, tuna daftari la kusaini. Pendekezo namba 198 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2006, linasema kwamba namna kazi inavyofanywa hasa ndiyo inayoamua kama mtu ni mwajiriwa, si jina alilopewa katika karatasi. Babu zetu waliokwenda manamba katika mkonge wa Tanganyika walikuwa na kipande, kadi ya siku 30, na mshahara haukutoka mpaka zijazwe. Kadi ile ilikuwa na ukali wake, lakini angalau iliwahesabu kuwa watu wa kazi.

(Na msituulize habari ya mshahara wa chini wa kisheria. Ule wa faranga 160 kwa siku mjini na 105 vijijini uliwekwa mwaka 1988, ukapitisha zaidi ya miaka 30 bila kuguswa. Hautoshi hata nauli.)

Mapatano yetu yanakwisha mwisho wa mwezi huu. Tumeambiwa kwamba yanaweza kuongezwa miezi mitatu mingine, kwa jina lile lile. Tumeandika barua kuomba tuitwe wafanyakazi na tuandikishwe INSS tangu siku ya kwanza. Karani mzee aliisoma, akasahihisha tarehe, kisha akatia sahihi yake chini ya zetu, na makarani wengine wanne wa muda wakamfuata. Barua iko mezani kwa mkuu tangu Jumanne.