Kanada: Nukta moja ndogo ilipandisha senti moja mpaka dola 402.500

Senti moja ya Kanada yenye mwaka wa 1936 haiwezi kununua hata pipi. Lakini mwezi wa Januari 2010, huko Marekani, senti moja ya mwaka huo iliuzwa kwenye mnada kwa dola 402.500 za Marekani. Ilikuwa na alama ambayo nyingine hazina: nukta ndogo chini ya mwaka.

Tangu wakati huo, na hasa tangu simu zilipojaa video za «sarafu itakayokutajirisha», watu wengi wanafungua mikebe ya zamani nyumbani na kuangalia makuta yao upya. Wakongomani wanaoishi Montreal, Ottawa ao Winnipeg nao wamo, na ndugu zao wa Goma, Bukavu na Uvira wanatumiwa picha na kuulizwa: hii ni mali ao ni makuta tu? Jibu linategemea kujua namna sarafu inavyotengenezwa, na namna inavyokosewa.

Kosa ni nini, na chapa tofauti ni nini?

Sarafu inazaliwa pale kipande cha chuma cha mviringo kinapowekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu na kugongwa kwa nguvu. Muhuri mmoja una kichwa cha mfalme ao malkia, mwingine una picha ya upande wa pili.

Kosa ni ajali ya sarafu moja. Kipande kimekaa vibaya, picha ikaangukia pembeni. Ao kipande cha senti 10 kimeingia kwenye mashini ya senti 25. Kila kosa la namna hiyo liko peke yake, na bei yake inategemea ukubwa wa ajali na hamu ya mnunuzi.

Chapa tofauti ni jambo lingine. Hapo muhuri wenyewe ndio ulibadilishwa ao ulichakaa, kwa hiyo sarafu zote zilizotoka kwenye muhuri huo zinafanana. Hizi ndizo zinazoandikwa katika vitabu vya bei, kama kile cha Charlton ambacho wakusanyaji wa Kanada wanakitumia sana.

Wafalme watatu, mwaka mmoja

Nukta ya 1936 ina historia yake. Mwezi wa Januari 1936, mfalme George V alikufa. Mtoto wake Edward VIII akashika kiti, lakini mwezi wa Desemba mwaka huohuo akakiacha, na ndugu yake George VI akawa mfalme. Mwaka wa 1937 ulipoanza, mihuri yenye sura ya mfalme mpya haikuwa tayari, na biashara ilihitaji makuta. Kiwanda cha sarafu cha Ottawa kikachukua mihuri ya zamani ya 1936, kikaweka nukta chini ya mwaka ili ijulikane kwamba sarafu hizo ni za 1937.

Za senti 25 zilitoka na kutumiwa na watu, ndiyo maana bado zinapatikana. Za senti 1 na senti 10 ni fumbo mpaka leo. Hesabu za kiwanda zinaonyesha zaidi ya senti 678.000, lakini zile za senti 1 zinazojulikana ulimwenguni ni tatu tu, na za senti 10 hazifiki sita. Uhaba huo ndio unaoleta bei. Ndio pia unaoleta wezi: wako watu wanaochukua senti ya kawaida ya 1936 na kuitia nukta wao wenyewe.

Uhuru wa India ukabadilisha makuta ya Kanada

Jambo kama hilo lilirudi miaka kumi baadaye. Sarafu za George VI zilikuwa na maneno ya Kilatini yanayomwita mfalme wa India pia. India ilipopata uhuru mwezi wa Agosti 1947, maneno hayo yalipaswa kuondolewa. Mihuri mipya ikachelewa tena, na kiwanda kikaendelea mwaka wa 1948 na mihuri ya 1947, safari hii kikiongeza jani dogo la mti wa maple pembeni ya mwaka.

Mihuri mipya ilipofika, muda wa kuitumia ulibaki mfupi. Kwa hiyo dola ya feza ya 1948 ni 18.780 tu, na leo inauzwa kwa mamia ya dola. Zilizobaki safi kabisa zinapita elfu moja.

Zile unazoweza kukutana nazo

Nukta ya 1936 hutaiona kwenye mkebe wa shangazi. Lakini ziko nyingine zilizopita mikononi mwa watu wa kawaida.

Ya kwanza ni senti 25 ya 1973, yenye polisi juu ya farasi, iliyotolewa kwa ajili ya miaka 100 ya polisi ya Kanada. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 134, lakini karibu 10.000 kati yake zina kichwa kikubwa zaidi cha malkia Elizabeth II. Angalia shanga ndogo zinazozunguka ukingo upande wa malkia. Za kawaida ni 120 na ziko mbali kidogo na ukingo. Zile adimu zina shanga 132, zinakaribia ukingo. Hizo zinaweza kuuzwa kwa dola mia moja na zaidi.

Ya pili ni senti 1 ya 1955. Sura ya kwanza ya malkia, ya mwaka wa 1953, haikutoka vizuri kwenye bega, na kiwanda kikairekebisha mwaka huohuo. Lakini baadhi ya mihuri ya zamani ilitumiwa tena mwaka wa 1955. Kwenye senti hizo, herufi I za maandishi zinapanuka kwenye ncha, na mkunjo wa nguo begani hauonekani. Bei yake inafika mamia ya dola.

Ya tatu ni senti 1 ya 2006, na hii inapimwa kwa sumaku. Wakati huo Kanada ilitumia senti za chuma kilichopakwa shaba, zinazoshikwa na sumaku, na za zinki, zisizoshikwa. Herufi P chini ya malkia ilikuwa alama ya zile za chuma. Lakini mwaka huo mihuri na vipande vilichanganyika: kuna senti yenye P ambayo sumaku haiishiki, na hiyo ndiyo wakusanyaji wanaitafuta.

Kanada iliacha kutengeneza senti 1 mwezi wa Mei 2012, na ikaacha kuzigawa mwezi wa Februari 2013. Nyingi bado zimelala nyumbani mwa watu.

Kabla ya kuuza, kabla ya kutuma pesa

Usisafishe sarafu. Kuisugua kwa majivu, ndimu ao sabuni kunaiondolea ngozi yake ya asili, na mnunuzi mzoefu ataona mara moja. Bei inaweza kushuka zaidi ya nusu.

Tofautisha kosa la kiwanda na uharibifu. Sarafu iliyopigwa nyundo ao kuungua haina thamani ya ziada. Dola 2 za mwaka wa 1996 zilisikika sana kwa sababu katikati yake ilichomoka kwa baadhi. Anayeichomoa yeye mwenyewe amejipotezea dola mbili.

Usichukue bei ya video kama bei ya soko. Bei inayoandikwa mara nyingi ni ya sarafu safi ambayo haikutumiwa, iliyopimwa na wataalamu kwa alama mpaka 70. Sarafu yako iliyochakaa inaweza kuwa sehemu moja ya kumi ya hiyo. Kumbuka pia kwamba bei nyingi za Kanada ni kwa dola ya Kanada, ambayo ni ndogo kuliko ile ya Marekani tunayotumia huku.

Tena, mtu akikuambia kwamba sarafu yako ni utajiri, lakini kwanza umtumie pesa za «uchunguzi» kwa simu, simama hapo. Mnunuzi wa kweli anatoa pesa, haombi. Muonyeshe sarafu zaidi ya mfanyabiashara mmoja, linganisha wanachosema, na usiiache mikononi mwa mtu bila karatasi iliyosainiwa.

Kwetu Kongo, franka inatembea kwa noti tu, na vijana wengi hawajawahi kushika sarafu ya inchi yao. Wazee bado wanakumbuka likuta na sengi. Zikibaki kwenye sanduku la familia, shauri ni lilelile: usizisugue, usizitoe haraka, angalia kwanza mwaka na alama ndogo zilizo karibu nao.