Kufariki dunia, kuaga dunia, kukata roho: ipi isemwe wapi?

Kijana aliyekua akizungumza Kimachame au Kirombo hufikiwa na siku ya kusoma wasifu wa marehemu kihambani, kwenye shamba la migomba ambako Wachaga huzikana. Nahau za kifo anazijua. Alizikariri shuleni katika orodha moja, zote zikiwa na maana moja, "kufa". Orodha hiyo ndiyo humponza, kwani haikumwambia ipi isemwe wapi.

Iliyo salama kuliko zote ni kufariki dunia. Kitenzi fariki chatokana na Kiarabu, nacho asili yake ni kutengana. Afarikiye dunia ametengana nayo. Nahau hii imeganda: twasema "amefariki dunia" au "amefariki" tu, lakini hatusemi "ameifariki dunia". Kuaga dunia haijaganda kiasi hicho, maana "ameaga dunia" na "ameiaga dunia" yote husikika. Zote mbili zafaa katika wasifu, kanisani na redioni.

Kukata roho ni jambo jingine kabisa. Nahau hii hutaja dakika yenyewe ya pumzi ya mwisho, na humweka msikilizaji kando ya kitanda. Aliyemuuguza mgonjwa aweza kumsimulia nduguye hivyo faraghani. Msomaji wa wasifu atamkapo "alikata roho saa tisa usiku", huwarudisha wafiwa mahali ambapo pengine hawakutaka kurudishwa, tena mbele ya watu. Kukata kamba ina mzaha ndani yake, msibani isisikike.

Kutangulia mbele ya haki husikika zaidi kwa Waislamu, na kulala katika Bwana kwa Wakristo. Moshi mjini, ambako waombolezaji huwa wa dini zote mbili, nahau ifuate imani ya marehemu, si ya msemaji.

Neno marehemu, yaani aliyerehemiwa, lamfaa kila mtu. Hayati, lililotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya uhai, kwa desturi huwekewa viongozi na watu mashuhuri, kama hayati Mwalimu Nyerere, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Kumwita jirani hayati si kosa la sarufi, ila huenda wasikilizaji wakatazamana.

Wala urasmi haudai nahau kila mara. Hati iliyo rasmi kuliko zote katika msiba huitwa, bila kuzunguka, cheti cha kifo.