JINA MOJA, MAGARI MAELFU

Ukiona picha ya kale ya Rolls-Royce, usikimbilie kusema, "Hii ndiyo Silver Ghost!" Mimi nilisema hivyo, darasa zima likanicheka. Kumbe jina hilo, yaani mzuka wa fedha, lilipewa kwanza gari moja tu la mwaka 1907, lililopakwa rangi ya fedha na kwenda kimyakimya. Mwaka uo huo lilienda na kurudi kati ya London na Glasgow mara nyingi, likatimiza maili 15,000 hivi. Sifa zikavuma! Baadaye wenzake wote, zaidi ya 7,000, wakaitwa vivyo hivyo. Basi chunguza nambari ya usajili pichani. Ikiwa AX 201, ndilo lenyewe. Ikiwa nyingine, huyo ni ndugu tu. Si vyote ving'aavyo ni dhahabu, wala fedha!